Mwalimu Aliyekimbia na Mwavuli

Neno lenyewe lilikuwa fupi: sawa. Nililisema nikiwa nimekaa kwenye benchi la ofisi ya kata, kofia yangu nimeilaza gotini, mbele ya Mwenyekiti wa baraza la wazee na wenzake. Walikuwa wananipa nafasi ya kuwa mmoja wao. Sharti lilikuwa niache kukimbia.

"Hatusemi kukimbia ni dhambi, Karani," Mwenyekiti aliniambia. Karani ndilo jina ninaloitwa hapa kijijini, kwa sababu ya miaka niliyopima alizeti za watu kwenye chama cha ushirika. "Ila fikiria mwenyewe. Umekaa pale unaamua kesi ya mpaka wa shamba. Aliyeshindwa anatoka nje anasema, hukumu gani hii, imetolewa na mzee niliyemwona asubuhi anarukaruka na bukta. Tutamjibu nini?"

Wenzake walicheka, nami nikacheka. Nikasema sawa. Ningeweza kuomba muda wa kufikiri. Ningeweza kusema kwamba nina mtu ninayekimbia naye, na kwamba mtu huyo ananihitaji upande wake wa kushoto. Sikusema. Nilikitaka kile kiti.

Mtu huyo ni Mwalimu. Watu wa hapa sasa wanamtaja wakitaka kuwaonya wenzao kwamba kukimbia kunaharibu mwili, na wanamtaja vibaya. Ndiyo maana naandika. Nataka aonekane jinsi alivyokuwa, mwavuli na ugoro na yote, na mwisho nitasema mahali nilipokuwa mimi.

Lazima kwanza nieleze jambo la kwetu. Katika vijiji hivi vya kando ya mji mdogo wa Nduguti, mtu mzima hakimbii bure. Mtoto anakimbia, mbuzi anakimbia, lakini ukimwona mwenye mvi anakimbia, ujue kuna jambo: ng'ombe wamechukuliwa, nyumba inawaka, au mtu amezidiwa. Na ukimwona huulizi. Unaacha jembe, unachukua fimbo, unamfuata. Maswali mtaulizana huko mbele.

Mwalimu alikuwa amefundisha miaka mingi Singida mjini, ambako mtu anaweza kukimbia mpaka anakokwenda bila kuulizwa. Alipostaafu alihamia kwetu, kwenye shamba aliloachiwa na marehemu mke wake. Asubuhi ya kwanza tu akavaa bukta ya kaki, akafunga katambuga zake za tairi, akatoka nje na kuanza kukimbia kuelekea mtoni.

Mimi nilikuwa nafungulia kuku. Nikaona mzee anapita mbio, nikashika fimbo. Jirani yangu akatoka na shoka. Fundi wa baiskeli, ambaye kibanda chake kiko njia panda, akatoka na spana mkononi kwa sababu ndicho alichokuwa amekishika. Tulipofika kwenye miamba mikubwa ile ya njia ya kisimani tulikuwa umati. Akina mama wameacha ndoo. Mtu mmoja ana upinde. Na Mwalimu, mbele yetu, akageuka akatuona, na uso wake ukajaa furaha kiasi ambacho sijawahi kukiona kwa mtu aliyestaafu. Akapunga mkono. Akaongeza mwendo.

Tukaongeza nasi. Tulimpata mtoni, kwenye mchanga, amejishika kiuno anahema na kucheka.

"Wako wapi?" Fundi aliuliza.

"Nani?"

"Ng'ombe."

"Ng'ombe gani tena, ndugu yangu?"

"Sasa unakimbilia nini?"

"Mwili," alisema Mwalimu. Kisha akatutazama mmoja mmoja, shoka, upinde, spana, na furaha ikamtoka taratibu. "Kumbe hamkuja kufanya mazoezi."

Tulirudi kijijini tukiwa tumegawanyika. Wengine walikuwa wamekasirika, na wengine, mimi nikiwemo, tulikuwa tumecheka mpaka mbavu zinauma. Wazee wakakaa. Hakukuwa na sheria ya kumzuia mtu kukimbia, lakini kijiji hakiwezi kushika silaha kila asubuhi. Ikaamuliwa kwamba Mwalimu akiwa kwenye mazoezi abebe kitu ambacho mtu anayefukuza wezi hawezi kukibeba.

"Abebe kuku," alisema Fundi.

"Kuku atakufa kwa presha," Mwalimu mwenyewe alijibu, na hapo hata waliokasirika wakacheka. Mwisho akakubali mwavuli. Tangu siku hiyo ilijulikana: Mwalimu akipita mbio na mwavuli mweusi kwapani, ni mazoezi, endelea na jembe lako. Akipita bila mwavuli, mfuate.

Ukisikia kwamba alikimbia kila siku unaweza kudhani alikuwa na kasi. Hakuwa nayo hata kidogo. Akina mama wenye ndoo kichwani walimpita. Mbuzi walimpita. Kuna wakati nilimpita mimi nikiwa natembea, nikaona aibu, nikapunguza. Ukimtania alikuwa na jibu tayari: "Mimi sikimbii ili nifike. Ningetaka kufika ningeenda jana." Alikanyaga kwa mguu mzima, hatua fupifupi, mabega yamelegea, mwavuli umetulia kwapani kama kipimajoto.

Salamu zilimpa shida mwanzoni. Mtoto wa hapa akikutana na mzee anasimama, anasema shikamoo, anangoja marahaba. Lakini huyu mzee alikuwa amepita kabla mtoto hajamaliza, hata kwa mwendo ule wa kobe, na watoto wakabaki nyuma wanamkimbilia ili wajibiwe. Mwalimu akapata dawa yake. Akaanza kuitikia mapema. Akiona kitu chochote kinakuja mbele yake, anasema "marahaba" na kuendelea. Kwa kuwa jicho lake la kushoto halikuwa zima, upande huo aliitikia kila kitu: punda, kichuguu, gunia la mkaa. Mke wangu akisikia marahaba nje huku kumekucha alikuwa anasema, "Mwalimu anasalimiana na mti wetu."

Alivuta ugoro. Hili liliwachanganya watu sana. Mtu anakuhubiria mapafu na moyo, kisha anatoa kikopo, anagonga kifuniko, anavuta, anapiga chafya mara kadhaa, anafuta pua na kuendelea na mahubiri pale pale alipoishia. Nilimuuliza. Akasema, "Karani, mimi ni mwalimu wa mazoezi, si mfano wa kuigwa. Hizo ni kazi mbili tofauti."

Mkubwa wa kubishana naye alikuwa Fundi. Kibandani kwake, katikati ya matairi yaliyoning'inia na beseni la maji ya kutafutia pancha, ndipo swali la kukimbia lilipojadiliwa kuliko mahali popote. Na sidhani kama wasomi wenye vyeti wangelijadili kwa hamu zaidi.

Fundi alikuwa na hoja moja na aliijua vizuri. Alichukua ekseli ya gurudumu, akaifungua, akamwaga gololi kwenye kiganja chake cheusi kwa grisi.

"Tazama hizi, Mwalimu. Zilikuwa duara. Zimekuwaje? Zimelika. Kwa nini zimelika? Kwa kuzunguka. Goti lako ni hili hili. Mungu amekuwekea gololi, hajakuwekea na duka la spea. Kila ukikimbia unazisaga. Mimi goti langu nimelitunza, nimekaa."

"Na kisima chetu je?" Mwalimu alijibu. "Ile pampu ya mkono. Shule ikifungwa, watu wakienda mashambani, hakuna anayepampu wiki nzima. Ukirudi unakuta nini?"

"Maji yameshuka."

"Yameshuka. Ngozi ya ndani imekauka, inapasuka. Unapampu mpaka kwapa linauma ndiyo inapiga tone. Mwili ni pampu, Fundi. Baiskeli haijiponyi. Ukiikwaruza leo, mkwaruzo utaukuta mwakani. Wewe ukijikata leo, wiki ijayo umefunga kidonda. Sasa nani amekuambia wewe ni baiskeli?"

"Basi kwa nini ukishuka kilima unashuka kwa ubavu kama kaa?"

Watu waliangua kicheko, kwa sababu ilikuwa kweli. Goti la kulia la Mwalimu lilimsumbua kwenye miteremko. Naye hakukataa. "Hilo nililiumiza ujanani kwa mpira," alisema, "na kwa ujinga wa kukimbia likiwa limevimba. Ningelipumzisha lingepona. Sijawahi kukwambia kukimbia hakuumizi. Nakwambia kukaa kunaumiza kimya kimya." Kisha akaongeza kwa Fundi, "Na wewe kula mlenda. Ndiyo grisi yenyewe."

Siku moja mganga wa zahanati alikuja kuziba pancha ya pikipiki, wakamkamata wote wawili. Walitaka aseme nani mshindi. Alikuwa kijana mpole, akaogopa kidogo kuamua kati ya wazee. Akasema kukimbia kwenyewe hakuliui goti lenye afya, na kwamba moyo na damu vinapenda. Akasema vilevile kwamba mtu akianza kwa pupa, akiwa mzito, akiwa na viatu vibovu, au akilazimisha huku kifua kinabana, anaweza kuumia vibaya, na mwenye ugonjwa apimwe kwanza. Akatazama katambuga za Mwalimu.

"Baba, hivyo navyo si viatu vya kukimbilia."

"Viko vingine nyumbani," Mwalimu alisema, na kwa mara ya kwanza nilimwona anatazama chini.

Vilikuwepo kweli. Binti yake, anayeishi Mandewa, Singida mjini, alikuwa amemletea raba nzuri za mtumba, nyeupe zenye mstari wa kijani, soli nene kama mkate. Mwalimu alizitundika ukutani sebuleni kwa kamba zake. Aliwaonyesha wageni. Alizipangusa vumbi. Hakuzivaa kamwe, kwa sababu, alivyosema, zingechafuka.

Mimi niliingia kwenye kukimbia kwa njia ya yule mganga. Nilikwenda zahanati kwa ajili ya kichwa kilichokuwa kinaniuma, nikaambiwa presha yangu iko juu, nikapewa vidonge na maneno: punguza chumvi, punguza mafuta, tembea. Nilipotoka Mwalimu alikuwa amesimama nje na mwavuli, kana kwamba ameambiwa.

"Amesema nini?"

"Nitembee."

"Basi tembea kesho na mimi. Mimi nitakimbia, wewe tembea. Mwendo ni ule ule."

Asubuhi yake aligonga mlango wetu kwa mpini wa mwavuli. Nikatembea kando yake. Baada ya siku kadhaa nikaona ni rahisi zaidi kurukaruka kidogo ili tuwe sawa. Kisha siku moja, tukiwa tumepita miamba, bila kukusudia, nilikuwa nakimbia. Miguu yangu, miguu ya mtu aliyekaa nyuma ya mizani maisha yake yote, ilikuwa inakimbia.

Sijui niielezeje hali hiyo kwa mtu asiyeijua. Upepo wa Singida mnaujua, unavyokuja asubuhi ukiwa na baridi na vumbi. Sisi huupa mgongo. Asubuhi ile niliuelekea kwa uso na ukaniingia mpaka tumboni. Alizeti zilikuwa zimechanua pande zote mbili, zote zinatazama jua linakotoka, na sisi tunakimbia kuelekea huko huko, na mimi nilijisikia kama mtoto aliyetumwa dukani akapewa ruhusa ya kubaki na chenji. Nilipiga kelele. Mwalimu aliitikia marahaba.

Nilirudi nyumbani natoa jasho, mke wangu akanitazama. "Baba Eliya, umefukuzwa na nini?"

"Na kitu kizuri," nilimjibu, na nikala ugali wa uwele wa watu wawili.

Tulikimbia hivyo misimu kadhaa. Kijiji kilituzoea. Presha ilishuka mpaka mganga akanipunguzia vidonge, kisha akaviondoa, huku akinionya nisiache kwenda kupima. Fundi alisema ni kwa sababu nimepunguza chumvi. Huenda ni kweli. Mwalimu alisema, "Mwache achukue chumvi, sisi tuchukue asubuhi."

Kuhusu jicho. Lilikuwa na mtoto wa jicho, weupe unaoonekana hata ukiwa mbali. Binti yake alimsihi kwa miaka mingi aende akasafishwe, akakataa. Huyu ndiye aliyewaambia watu wapime damu, wapime sukari, wasiogope sindano. Yeye mwenyewe aliogopa kisu. Alisema jicho moja linamtosha kwa barabara ya upande mmoja. Kwa hiyo tulipangana. Mimi nilikimbia kushoto kwake, karibu kiasi cha viwiko kugusana, na nilisema kila kinachokuja: jiwe, shimo, punda, bodaboda. Tulikuwa tumefika mahali ambapo sikuhitaji hata kusema. Nilimsukuma kidogo kwa kiwiko naye akasogea kulia, huku anaendelea na hadithi yake. Mwavuli aliuhamishia kwapa la kulia ili usinichome.

Sasa mnaelewa nilichokubali pale kwenye benchi.

Nilimwambia jioni ile ile. Alikuwa anachambua mbegu za alizeti kwenye ungo, mlangoni kwake.

"Wamenichukua barazani," nilisema.

"Wamefanya vizuri. Una akili ya mizani." Akapeperusha makapi. "Wamekupa sharti?"

"Nisikimbie."

Alichambua kwa muda. "Hicho kiti kina egemeo?"

"Kina."

"Basi kaa, Karani. Umechoka kusimama foleni maisha yako yote, na mimi naona."

"Na wewe ungepumzika kidogo," nilisema. "Au ungetembea tu. Njia imeliwa na mvua." Nilisema hivyo ili nijisikie nimemshauri.

"Nitajiangalia," alisema.

Asubuhi iliyofuata aligonga mlango kwa mpini wa mwavuli kama kawaida. Mazoea, nadhani, au alitaka kuona. Nililala nikimsikiliza. Aligonga, akangoja, kisha nikasikia katambuga zake zinaondoka, pap, pap, pap, taratibu. Alifanya hivyo kila asubuhi. Mke wangu alikuwa anasema gizani, "Mwenzako huyo," nami nasema, "Nimesikia."

Masika yalikuwa makubwa. Kwenye kona ya shamba la alizeti, kabla ya miamba, maji yalichimba korongo lililokuja taratibu mpaka likakata nusu ya njia. Nusu ya kushoto. Mimi nililiona nikienda barazani. Nilijiambia nitamwambia Mwalimu, kisha nilikutana na watu wa kesi nikasahau.

Asubuhi moja upepo ulikuwa mkali. Aligonga, akangoja, akaenda. Nikaamka, nikawa nakunywa chai mlangoni, kumeshapambazuka vizuri. Nikaona kitu cheusi kinakuja kwenye mabua ya alizeti zilizovunwa. Kinabingirika, kinasimama, kinaruka tena. Nilidhani ni ndege mkubwa aliyejeruhiwa. Kilipokaribia nikaona ni mwavuli, umefunguka, unaletwa na upepo, na hakuna mtu nyuma yake.

Nilimwaga chai. Nikakimbia.

Nilikimbia kama sijawahi kukimbia hata na yeye, mzee wa baraza mwenye koti na suruali iliyopigwa pasi, mikono mitupu. Sikuita mtu. Haikuhitajika. Nilisikia nyuma yangu milango, kisha sauti ya miguu, kisha sauti ya miguu mingi, kijiji kizima kimeacha jembe kama siku ile ya kwanza. Na kwa aibu nakiri kwamba katikati ya hofu ile mwili wangu ulifurahi. Pumzi zilikuwepo. Magoti yalikuwepo. Zilikuwa pumzi zake, yeye ndiye aliyeniwekea.

Alikuwa chini korongoni, amekaa kwa upande, uso umejaa vumbi. Alipoona vichwa vyetu vimejipanga juu akasema, "Marahaba." Hakuna aliyecheka. Akasema tena, "Leo mmenifuata kweli." Nilishuka. Akanishika mkono wa koti.

"Nimekusikia unakuja," alisema. "Umekanyaga kwa mguu mzima. Vizuri sana." Kisha tulipojaribu kumwinua alipiga ukelele ambao bado naujua.

Ilikuwa nyonga. Fundi aliacha spana zake akashona magunia kwenye miti miwili, tukambeba mpaka barabarani, gari likampeleka Singida. Fundi alishika upande wa kichwa njia yote, na nilimwona anamfuta Mwalimu vumbi machoni kwa kitambaa cha grisi, akazidi kumpaka.

Mkutano wa kijiji uliofuata, Mwenyekiti alisimama. Aliongea kwa huruma, simlaumu. Alisema, "Mmeona wenyewe. Tulisema mapema. Mwili wa mzee haukuumbwa kwa mbio. Mwalimu wetu amevunjwa na kukimbia." Kisha akageuka kwangu, kiti cha tatu, na kusema, "Karani hapa aliacha mapema, na ni mzima." Watu wote walinitazama. Fundi alinitazama zaidi ya wote, kwa sababu alijua tulivyokuwa tunapangana njiani. Alingoja niseme.

Nilitikisa kichwa kukubali.

Siku hizi pale Nduguti, kwenye ofisi mpya za halmashauri, watumishi vijana wana klabu ya kukimbia. Jumamosi wanapita kwenye lami na fulana za rangi moja, muziki masikioni, na hakuna anayewafuata na shoka. Mwenyekiti mwenyewe aliwahi kuwapigia makofi. Nilikuwa nimekaa kando yake.

Mwaka huu, baada ya kuuza alizeti, nilikwenda Mandewa. Nilichukua tetea mmoja na mlenda mkavu, na nilivaa raba nyeupe zenye mstari wa kijani. Nilizipata siku binti yake alipokuja kufunga vyombo vya baba yake ili ahamie kwake. Mwalimu alimwagiza anipe, akasema zinanitosha. Zinanitosha kweli.

Binti alinipokea. "Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mzee yuko wapi?"

"Yuko barazani, anafundisha kuku wa jirani nidhamu."

Alikuwa kwenye kiti, chuma chake cha kutembelea kimesimama mbele yake. Amekonda miguu, lakini mikono ilikuwa inakwenda mbele na nyuma, mbele na nyuma, viwiko vimekunjwa. Anakimbia kwa kukaa. Aliponiona hakuacha.

"Karani. Ngoja nimalizie hapa mpaka kwenye miamba." Nilingoja. Akamaliza, akahema, akatoa kikopo cha ugoro. "Haya. Habari za pampu?"

Tukaongea. Daktari amemwambia moyo wake ni mzuri kuliko wa watu wengi wa umri wake, na kwamba ndiyo uliomvusha kwenye upasuaji wa nyonga. Ila nyonga yenyewe haikuunga vizuri. Hatakimbia tena, na kutembea ni hapa na chooni. Alinieleza haya haraka haraka, kwa furaha ile ile, kama anamsomea mtu matokeo ya mtihani. Kisha akaniambia nisogee, akanitazama kwa macho mawili meusi, safi.

"Wamelisafisha," alisema. "Binti alinidanganya tunakwenda kupima nyonga. Halikuuma. Sasa naona kushoto, Karani. Naona mpaka namba za pikipiki. Sina pa kwenda tu."

Akaona miguu yangu.

"Umezivaa."

"Nimezivaa."

"Kimbia hapo mbele nizione."

Nilisema nimechoka na safari. Akasema mpaka kwenye geti la jirani tu. Nikashuka barazani, nikaanza. Hatua za kwanza zilikuja zenyewe, mguu mzima, mabega yamelegea, na kwa muda mfupi nilifurahi mno, nikasikia upepo. Kisha kifua kilibana. Kabla ya geti nilikuwa nimesimama, mkono ukutani, naona nyota. Nilirudi natembea. Yeye alikuwa ametazama kila hatua kwa lile jicho jipya.

"Vidonge vimerudi," alisema.

"Vimerudi. Viwili."

"Ulikuwa umeviacha."

"Nilikuwa nimeviacha."

Binti alileta chai akaondoka. Nikasema nililokuja kulisema. "Mwalimu, siku ile ningekuwa kushoto kwako..."

"Ungeliona korongo."

"Ningeliona. Na nilikuwa nimeshaliona kabla, nikienda barazani. Na kwenye mkutano waliposema ni kukimbia, nilikubali."

 Mikono ilikuwa imetulia magotini. Nilidhani atasema yamepita, kwa sababu ndivyo watu wanavyosema.

"Ndiyo," alisema. Kisha akauliza kama mvua zimeanza kutajwa huko kwetu.

Nilirudi jioni ile. Mwavuli uko kwangu, nyuma ya mlango, na alfajiri huwa naamka saa ile ile na kusikiliza. Kukimbia hakukumvunja Mwalimu. Alivunjika kwa sababu nilikubali kukaa. Kiti ninacho bado, kina egemeo. Kimenigharimu miguu yake, afya yangu, na rafiki aliyekuwa ananigongea mlango.